Huduma ya mkoba ya chanjo na kipindi chake cha maswali, Mbeya: sindano safi, majibu marefu

Ni Land Cruiser moja, turubai la kijani, viti vya plastiki hamsini na ushei, spika mbili na jenereta. Wanashuka watu watano: manesi wawili, mhamasishaji, dereva ambaye ndiye pia fundi wa mitambo, na mtafiti wa magonjwa ya kuambukiza. Manesi wanachanja. Mtafiti anashika maikrofoni na kujibu maswali ya watu kuhusu chanjo kwa muda wa saa mbili. Mwananchi halipi chochote. Tumeipima huduma hii kwenye vituo vitatu: njia panda ya Uyole, Mbalizi, na kijiji kimoja cha Umalila, juu kwenye baridi, wiki za kipupwe. Jina la walioiandaa tunaliacha. Kasoro tulizoziona zimo kwenye huduma nyingi za aina hii kuanzia Makete hadi Kyela, na si haki mmoja abebeshwe za wote.

Kwa wenye haraka: uchanjaji tunaupa tano kwa tano. Maswali na majibu tunayapa mbili, na hiyo ya pili ni kwa sababu ya dakika ishirini za mwisho ambazo hazikuwa kwenye ratiba.

Tuanze na kinachofanya kazi, maana ndicho ambacho hakuna anayekitangaza.

Watu wengi wanajua kwamba chanjo huharibiwa na joto. Huku Nyanda za Juu Kusini, mwezi wa sita na wa saba, adui ni baridi. Chanjo ya Penta, inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na bakteria wa Hib, haitakiwi kuganda hata mara moja. Ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ni hivyo hivyo. Ikiganda imekufa, na ikiyeyuka inarudi kuonekana nzima, kwa hiyo unaweza kumdunga mtoto kitu kisichomkinga wala usijue. Zote zinakaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Kosa la kila siku ni kutoa pakiti za barafu kwenye friza zikiwa ngumu kama mawe na kuzipanga hivyo hivyo kwenye kikasha. Kichupa kinachogusa pakiti kinaganda kabla gari halijafika kijijini.

Nesi wa huduma hii alizitoa pakiti zake nne, akazipanga mezani, akasubiri zitoe jasho. Kisha akawa anachukua moja moja na kuitikisa karibu na sikio. Maji yakisikika yanacheza ndani, inaingia kwenye kikasha. Yasiposikika, inarudi mezani. Umalila, ambako nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, zoezi hilo lilizidi nusu saa na akina mama kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Hakuharakisha. Hapo tu alishapata nyota mbili.

Nyota nyingine ni za vichupa viwili vya maonyesho. Vyote vya Penta, toleo moja, muda wake umepita, vimeandikwa kwa kalamu nene kwamba si vya kuchanjia. Kimoja kiligandishwa usiku kucha kwa makusudi, cha pili hakijawahi kuganda. Akavishika viwili kwa mkono mmoja, akavitikisa kwa nguvu, akaviweka sambamba juani. Baada ya muda kile kilichoganda kikaanza kujitenga: vipande vyeupe vinazama chini, juu yanabaki maji maangavu. Kile kizima kikabaki na ukungu wake kama maji ya mchele. Mzee mmoja aliyekuwa akisema kwa sauti kwamba watoto wanadungwa maji tu, aliinama mpaka kofia ikamdondoka. Akauliza, "Kwa hiyo haya ndiyo maji, na hii ndiyo dawa?" Nesi akamjibu, "Ndiyo babu, na hicho cha maji siwezi kumpa mjukuu wako." Somo hilo halikuhitaji maikrofoni. (Kipimo cha kutikisa si cha chanjo zote. Surua-rubella na matone ya polio hayadhuriki kwa kuganda, hivyo usimsumbue nesi akutikisie hivyo.)

Surua-rubella nayo ina masharti yake. Inakuja kama unga mkavu, inayeyushwa kwa maji yake yenyewe ya kuyeyushia, si ya chanjo nyingine, na ikishayeyushwa inaishi saa 6 tu au mpaka kituo kifungwe, lolote litakalotangulia. Nesi aliandika saa ya kufungua kwenye kila kichupa. Kichupa kimoja kina dozi 10, na hapo ndipo vituo vingi vinapoharibu: mama anafika na mtoto wa miezi 9, yuko peke yake, anaambiwa arudi Alhamisi wenzake wakiwepo ili dozi tisa zisimwagwe. Anarudi, anaambiwa tena. Mara ya tatu harudi. Kwenye taarifa ya mwisho wa mwezi mama huyo anahesabiwa kati ya "waliokataa kwa imani potofu." Huduma hii ilifungua kichupa kwa mtoto mmoja Mbalizi, na tisa zikamwagwa. Tunaipongeza bila masharti.

Mengine kwa ufupi. Alama ya joto kwenye kila kichupa ilikaguliwa na kuonyeshwa kwa mzazi: mraba wa ndani ukiwa mweupe kuliko duara linalouzunguka, chanjo ni nzima, na ukilingana na duara au kuzidi weusi, inatupwa. Sindano zilikuwa zile zinazojifunga zikishatumika, zikaingia moja kwa moja kwenye boksi la usalama. Adrenalini ilikuwa mezani, kwa mzio mkali unaotokea takriban mara 1 katika dozi milioni. Na kila binti aliyechanjwa HPV alikaa dakika 15 kwenye kiti kabla ya kuondoka, kwa sababu mabinti wa umri huo huzimia kwa hofu ya sindano, na mmoja akianguka mbele ya wenzake wataanguka wanne.

Sasa maikrofoni.

Mtafiti anaijua kazi yake, hilo lisemwe kabla ya lawama. Alipoeleza surua alikuwa moto. Alisema: chukueni Kosta ya Tukuyu iliyojaa, mtoto mmoja mwenye surua akae kiti cha nyuma, ashukie Kiwira. Hewa aliyoiacha inaweza kuambukiza mpaka saa mbili baadaye, hivyo hata atakayepanda wakati yeye ameshafika nyumbani yumo hatarini. Mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18 ikiwa hawana kinga. Watu walicheka, wakahesabu viti, wakaelewa. Angefanya kila jibu kama hilo, tusingekuwa na la kuandika.

Lakini alifungua kipindi, vituo vyote vitatu, kwa kukanusha kwamba chanjo ya surua inaleta usonji. Alieleza kwa dakika kumi na moja: daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, makala ya 1998 yenye watoto 12 tu, kufutwa kwa makala hiyo 2010, daktari kuondolewa kwenye orodha ya madaktari. Yote ni kweli. Shida ni kwamba hakuna aliyemuuliza. Umalila hatukusikia hata mtu mmoja akitaja usonji kabla yake, na alipomaliza, mama wawili nyuma yetu walikuwa wanaulizana, "Kumbe inaharibu na akili?" Alikuja kuzima moto wa nchi nyingine akawasha wa hapa. Kanuni yake ni nyepesi: sikiliza kwanza. Mhamasishaji apite kwenye foleni na daftari nusu saa kabla, aandike maswali kama yalivyosemwa, na mtafiti ajibu yaliyomo humo tu.

Kosa la pili ni jina la chanjo ya HPV. Watu wanaiita "chanjo ya kizazi," na mtafiti naye, ili aende nao, akaiita hivyo hivyo. Hebu isikie kwa sikio la mzazi. Chanjo ya surua inazuia surua. Chanjo ya polio inazuia polio. Chanjo ya kizazi itazuia nini? Hofu imeshaingizwa kwenye jina kabla mvumishaji hajafungua mdomo. Iitwe chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, kila mara, kwa urefu wake, au ikibidi kufupisha, "chanjo ya saratani." Ukikata, kata mkiani.

Swali lenyewe lilikuja Uyole, mama wa makamo, mwanawe mgongoni na binti wa shule ubavuni: "Daktari, samahani, hii sindano haitamfunga kizazi binti yangu?" Sekunde tano. Jibu lilichukua dakika tisa. Lilipitia aina za kirusi, protini ya ganda lake, namna kinga inavyojengwa, kisha grafu ya Uswidi kwenye karatasi ambayo mtu wa safu ya pili hakuweza kuisoma. Neno "hapana" lilitokea dakika ya saba. Kwa dakika sita nzima mama yule alikuwa anamsikiliza mtu msomi asiyetaka kusema hapana.

Jibu linalotosha ni hili, na lina sekunde ishirini: "Hapana mama, haigusi kizazi. Ndani hamna kirusi, kuna ganda lake tu, kama gunia bila mahindi. Tanzania nzima imeanza 2018 kwa mabinti wa miaka 14. Hesabu leo wana miaka mingapi, kisha angalia mtaani kwako wangapi wanalea." Halafu nyamaza. Akitaka zaidi, atauliza, na hapo ndipo Uswidi inapofaa: waliochanjwa kabla ya miaka 17 walipungukiwa na hatari ya saratani hiyo kwa asilimia 88, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa 2020.

Kuna swali lililofuata ambalo tungemsamehe yeyote akilikosea, ila yeye alilicheka. Kijana mmoja aliuliza mbona Kenya walipima chanjo ya pepopunda wakakuta homoni ya mimba. Si swali la kuchekwa. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walilisema hadharani, na majibu ya maabara yalizunguka nchi nzima. Kilichokosewa ni kipimo: vifaa vilivyotengenezwa kupima damu au mkojo wa binadamu viliwekewa majimaji ya chanjo, na kemikali zilizomo kwenye chanjo huvichanganya vikatoa majibu ya uongo. Ni sawa na kupima uzito wa mtoto kwenye mzani wa lumbesa. Kijana angeelewa. Baada ya kuchekwa, alikaa pembeni na simu yake, na tunadhani hata uchanjaji wenyewe hakuutazama tena.

Mabadiliko ya dozi za HPV nayo yalimtoa jasho. 2018 wazazi waliambiwa ni dozi mbili, miezi sita katikati. 2024 wakaambiwa moja inatosha, na umri ukawa miaka 9 hadi 14. Mama mwenye akili timamu lazima aulize: mlikosea lini, zamani au sasa? Jibu la mtafiti lilikuwa "sayansi imebadilika," ambalo kwa sikio la sokoni maana yake ni "tunabahatisha." Na hapa alikuwa na karata nzuri kuliko zote, ya nyumbani kabisa. Utafiti wa dozi moja, mbili na tatu ulifanyika Mwanza, kwa mabinti 930 wa miaka 9 hadi 14, na aliyepata moja alijenga kinga iliyodumu. Kenya nako, wasichana na wanawake vijana wa miaka 15 hadi 20 waliopata dozi moja walikingwa kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina 16 na 18 za kirusi hicho katika miezi 18 ya kufuatiliwa, na aina hizo mbili ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Unaweza kusema: "Tulitoa mbili kwa kuwa hatukuwa na uhakika wa moja. Mabinti wa Mwanza na Kenya wametupa uhakika." Hakuna mtu aliyekosea, na sindano moja imepungua. Mzazi gani atakataa habari hiyo?

Swali gumu kuliko yote kwa Mbeya ni la majaribio. "Mnatufanyia majaribio." Mtafiti alijibu, kwa hasira kidogo, kwamba hapa hakuna majaribio ya chanjo. Hilo si kweli, na nusu ya watu wa mjini wanajua si kweli. Mbeya ina kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na chanjo za majaribio za VVU zimewahi kufanyiwa utafiti hapa, ikiwemo PrEPVacc ambayo uchanjaji wake ulisimamishwa 2023 ilipoonekana hautazaa matunda. Ukikana kitu ambacho jirani wa muulizaji alishiriki, umeshapoteza na yale ya kweli utakayosema baadaye.

Njia sahihi ni kukiri na kutofautisha. Ndiyo, majaribio yapo, na haya ndiyo masharti yake: ni mtu aliyejitolea mwenyewe (mtoto, kwa ridhaa ya mzazi), amesomewa fomu kwa lugha anayoielewa, ameweka saini au dole gumba, anaweza kujitoa siku yoyote, na utafiti una kibali cha kamati ya taifa ya maadili na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Chanjo ya mtoto chini ya turubai hili haina fomu ya utafiti kwa sababu haifanyiwi utafiti, imeshasajiliwa. Siku mtu akikudunga kitu cha majaribio bila fomu, mshitaki. Ukimpa raia kipimo hicho, hakuhitaji tena akuamini kwa sura.

Polio ilikuwa hivyo hivyo. "Mtoto huyu ameshapata matone mara nne, mnatafuta nini?" Historia yenyewe inajibu. Februari 2022 Malawi ilitangaza kirusi asilia cha polio, na Machi matone yakapita nyumba kwa nyumba katika mikoa ya mpakani: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Hilo mtafiti alilisema vizuri. Alipofika kampeni ya Septemba 2023 akaanza kukwepa, maana kilichopatikana Rukwa kilikuwa polio aina ya 2 inayotokana na chanjo yenyewe. Aliogopa neno hilo. Lakini lisemwe, tena na yeye kwanza: matone yana kirusi kilichodhoofishwa, kikipita kwa muda mrefu kati ya watoto wengi wasiochanjwa kinaweza kurudisha makali. Hakipati nafasi hiyo penye watoto waliochanjwa. Na umri wa watoto wa kampeni hiyo ulipanda hadi chini ya miaka 8 kwa sababu inayoeleweka: Aprili 2016 dunia nzima iliondoa aina ya 2 kwenye matone ya kawaida, kwa hiyo watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuwa na kinga yake tumboni. Mzazi akipewa hesabu hiyo ya miaka haoni njama, anaona ratiba.

Tulisubiri lini atakasirika wazi. Ilikuwa Mbalizi. Mwanamume mmoja, kwa utulivu tu: "Ninyi mnalipwa kusema haya." Mtafiti akasema amesoma miaka mingi, hawezi kufundishwa kazi na mtu aliyeona video ya dakika moja, na kwamba shida ya hapa ni elimu ndogo. Spika zilikuwa zinaelekea stendi. Stendi nzima ilisikia.

Tunamwelewa. Uvumi unatengenezwa kwa sauti ya WhatsApp ya sekunde arobaini, hauhitaji ushahidi, unaanza na "ndugu zangu nawaombeni." Kuukanusha kunahitaji saa nzima, makala kumi, na koo. Kesho yake unakuja uleule umebadilishwa shati. Anayefanya kazi hiyo miezi mfululizo anachoka kuliko nesi aliyechanja mia mbili, kwa sababu nesi jioni anahesabu vichupa, yeye hana cha kuhesabu. Lakini "elimu ndogo" ni jibu baya na si la kweli. Japani, nchi ya wasomi, ilisitisha kuhimiza chanjo ya HPV Juni 2013 baada ya hofu ya madhara iliyoenea kwenye vyombo vya habari, na uchanjaji ukaporomoka kutoka takriban asilimia 70 hadi chini ya 1. Walirudi kuhimiza 2022. Hofu haiulizi cheti.

Na kuhusu malipo, ukweli ni mfupi kuliko ugomvi: mshahara unatoka serikalini au kwenye mradi, siku ya kwenda kijijini kuna posho, chanjo zinanunuliwa kwa fedha za serikali na msaada wa Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo. Sema hivyo bila kuulizwa mara mbili. Posho si aibu, kuificha ndiyo aibu. Hata suala la UVIKO lilihitaji ukweli wa namna hiyo. Watu wanakumbuka kwamba mwanzoni mwa 2021 serikali ilisema haina mpango wa kuleta chanjo, na kwamba Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera. Ukisema "msimamo ulibadilika, na mlioshangaa mlikuwa na haki," mnaendelea. Mtafiti alisema msimamo haukubadilika. Kicheko kilichofuata kilikula dakika tatu.

Jambo moja halikuguswa kabisa jukwaani, nalo ni degedege. Wapo wanaoamini mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Penta huleta homa ya siku moja au mbili kwa baadhi ya watoto, na homa kali ya aina yoyote inaweza kuleta degedege kwa mtoto mdogo. Bibi akishuhudia hivyo mara moja, hakuna mtafiti wa kumrudisha. Dawa yake ni kutangulia kusema. Manesi walitangulia, mmoja mmoja: usiku huu anaweza kuchemka, mpunguzie nguo, mnyonyeshe, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake tulichokuandikia, ikizidi siku mbili au akistuka mlete. Aliyeambiwa homa itakuja, ikija anasema nesi alijua.

Upande wa mitambo hatutakaa sana. Jenereta iwekwe upande upepo unakoelekea na angalau mita ishirini nyuma ya turubai, la sivyo unasikia yenyewe tu. Maikrofoni moja haitoshi: ikibaki mkononi mwa mtafiti, muulizaji hasikiki na jibu linakuwa hotuba. Saa tisa alasiri siku ya gulio ni saa mbaya, wauzaji wamechoka na wanywaji wamefika. Asubuhi ya siku ya kliniki, wakati akina mama wanasubiri mzani, unawapata walewale unaowataka, wamekaa. Umalila kulihitajika mkalimani wa Kimalila, na aliyefanya kazi hiyo, mhudumu wa afya wa kijiji, alikatwa mara kwa mara kwa kuwa alifupisha. Alichofupisha ndicho kilichoeleweka.

Kipeperushi ni karatasi nzuri yenye herufi ndogo. Ukurasa wa kwanza una nembo sita. "Kingamwili" imetajwa mara tisa, homa ya baada ya sindano haijatajwa.

Dakika ishirini za mwisho: Umalila, spika zimezimwa, turubai linakunjwa, mtafiti amekaa kwenye kreti ya soda akingoja gari. Wakamfuata watu sita, wakiwemo wale mama wawili wa usonji. Mzee wa kofia akamuuliza, "Mwanangu, wewe wa kwako umemchanja?" Akatoa simu, akaonyesha picha ya kadi ya kliniki ya bintiye, tarehe moja moja. Akauliza na yeye: "Babu, ninyi zamani surua mliiitaje hapa?" Mzee akaeleza, kwa kirefu, watoto aliowazika na kaka yake aliyepofuka. Mtafiti hakumkatiza. Kisha akachora mstari kwenye vumbi kwa kijiti, huku waliochanjwa, huku wasiochanjwa, na akajibu kila mmoja kwa sentensi mbili. Mama mmoja alirudi na mtoto kabla kikasha hakijapakiwa, na nesi akafungua kichupa kipya.

Kwa hiyo ukienda, fika mapema kwa ajili ya chanjo na ubaki mwisho kwa ajili ya swali lako. Nenda na kadi ya kliniki ya mtoto. Ikiwa imepotea, nenda hivyo hivyo, watamwangalia kwenye rejista au kuanza upya. Watoto wa surua-rubella ni miezi 9 na tena miezi 18, dozi ya pili ndiyo inayosahaulika. Binti wa miaka 9 hadi 14 ale kwanza, avae nguo yenye mkono unaopanda mpaka begani, na asisimame foleni akiwa wa mwisho kama ni mwoga wa sindano. Umalila, beba na koti.